Maji ya Ziwa, Dhahabu ya Ardhi na Dhima ya Hazina

*Umma ulilipa bomba kuu litokalo Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama. Ni nani basi alipe hatua chache za mwisho hadi mlangoni kwa fakiri, na ni nani alipe majitaka yatokayo mlangoni humo?*

Na Mwandishi Wetu

Katika kijiji cha Ihelele, wilayani Misungwi, maji ya Ziwa Victoria huvutwa kwa mitambo, husafishwa kwa dawa, kisha husukumwa hadi kwenye tangi kuu lililo juu ya kilima cha Mabale. Na kutoka huko, yakiteremka kwa uzito wake, hushika njia ya kusini na kuikata nchi ya Wasukuma, nchi ya mbuga nyeusi na majabali, hadi miji ya Shinyanga na Kahama. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na gharama yake, iliyopita shilingi bilioni 200, ilitoka katika hazina ya taifa.

Ipo safari nyingine, fupi mno, ya mita 100 au 300 hivi, itokayo kwenye bomba la mtaa hadi uani kwa mama lishe apangaye chumba pembezoni mwa mji wa Kahama, au hadi kwenye vibanda vya wachimbaji wadogo walioifuata rashi ya dhahabu huko Geita. Safari hii, ambayo thamani yake ukiilinganisha na ile ya kwanza ni kama si kitu, ameachiwa mwananchi huyo ailipe mwenyewe: mabomba, mtaro, dira na ada. Kwa kuwa hana, hununua maji kwa dumu kutoka kwa mtu apitaye na baiskeli.

Hesabu yake ni nyepesi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Tuseme mwenye baiskeli anataka shilingi 200 kwa dumu moja: mnunuzi atakuwa amelipa shilingi 10,000 kwa uniti, hali jirani yake mwenye dira ukutani huilipa mamlaka ya maji sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Wote wawili walilichangia bomba kuu kwa kodi zao, katika sukari, katika sabuni na katika mafuta ya taa. Lakini mwenye uwezo ndiye anayeyafaidi maji kwa bei nafuu, na asiyekuwa nao ndiye anayeyanunua kwa bei ghali.

> Mwenye uwezo ndiye anayeyafaidi maji kwa bei nafuu, na asiyekuwa nao ndiye anayeyanunua kwa bei ghali.

Mas'ala ya makala haya ndiyo hayo. Fedha za umma zimetumika, tena nyingi. Swali ni zinaishia wapi, na kwa nini zinaishia hapo.

Kutoka maji ya bure hadi maji ya kuchangia

Shinyanga ni nchi kavu. Mvua zake, aghalabu milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, huja kwa pupa na kuondoka kwa pupa, na maji ya chini ya ardhi katika sehemu kadhaa yana chumvi au floridi ya kupita kiasi. Ndiyo sababu tangu zama za Waingereza, katika mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, malambo yalichimbwa kwa wingi kwa ajili ya watu na mifugo yao. Na mji wa Shinyanga wenyewe ukaishi miaka mingi kwa kutegemea bwawa la Ning'hwa, ambalo ukame ukizidi nalo hupungua.

Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi karibu na makazi yake ifikapo mwaka 1991, na maji hayo yawe bure. Wahisani nao wakaja na zao. Kati ya mwaka 1974 na 1978 Waholanzi walisaidia kuchimba mamia ya visima vifupi vya pampu za mkono mkoani Shinyanga. Na kuanzia mwaka 1985 Wasweden, kwa mradi wa HESAWA, wakafanya kazi ya maji na vyoo katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza, na Geita wakati huo ilikuwa ndani ya Mwanza.

Mwaka 1991 ulifika, ahadi haikufika nao. Hazina ilikuwa imeelemewa, mashine zilikosa dizeli, pampu zilikosa vipuri, na hapakuwa na fundi kijijini aliyekabidhiwa dhima ya kuzitengeneza. Sera ya maji ya mwaka huo ikafungua mlango wa uchangiaji, na sera ya mwaka 2002 ikaupanua kabisa: watumiaji wa maji vijijini walipe gharama zote za uendeshaji na matengenezo, na watoe pia sehemu ya gharama za ujenzi.

Matokeo ya mwendo huo hayakufurahisha. Hesabu ya vituo vya maji vijijini, iliyofanywa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilikuta kwamba takriban vituo vinne katika kila kumi havitoi maji. Kwa hiyo taifa likawa limejaribu njia mbili zinazopingana, ya Serikali kulipa kila kitu na ya mwanakijiji kulipa karibu kila kitu, na kila moja ikamwacha mama na ndoo yake kichwani.

Barua ya 1962, bomba la 2009

Historia ya bomba la Ihelele yafaa ikumbukwe, maana ndani yake mna hoja nzito. Kwa maafikiano ya mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri, hapana kazi yoyote ya kuyachukua maji ya Nile, wala ya maziwa yanayoulisha mto huo katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, iliyoruhusiwa kufanywa pasi na ridhaa ya Misri. Mwezi Julai 1962, Serikali ya Tanganyika, kwa kufuata msimamo wa Mwalimu Julius Nyerere, iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa maafikiano hayo hayaifungi nchi iliyo huru.

Miaka 40 ilipita kabla ya neno hilo kugeuka tendo. Wahisani wakubwa hawakuwa tayari kuingia katika shauri lenye ugomvi wa maji ya Nile. Na Tanzania, wakati hayati Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji, ikaamua kujenga kwa fedha zake yenyewe. Kazi ilianza mwaka 2004, mkandarasi akiwa wa kutoka China, Misri ikanung'unika, na mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete akauzindua mradi. Uendeshaji wake ukakabidhiwa KASHWASA, mamlaka inayouza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji, hususan SHUWASA ya Shinyanga na KUWASA ya Kahama.

Hoja yenyewe ni hii: pale Serikali ilipoyaona maji kuwa jambo la heshima ya nchi, fedha hazikukosekana, ijapokuwa hapana benki ya nje iliyotaka kukopesha. Baadaye njia ikawa pana zaidi. Kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, wa dola za Marekani milioni 268, bomba lilirefushwa kutoka Solwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Na kwa mkopo mwingine wa dola milioni 500 kutoka benki hiyo hiyo, mikataba ya maji ya miji 28, Geita ikiwamo, ilitiwa saini Juni 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Kasoro iko kando ya bomba. Mji mdogo wa Tinde, ulio katika wilaya ya Shinyanga, ulingoja miaka mingi maji ya ziwa yakienda kwa wengine, hata ukapatiwa mradi wake pamoja na mji wa Shelui. Agizo la Serikali ni kuwa vijiji vilivyo ndani ya kilomita 12 kila upande wa bomba kuu vipewe maji. Lakini agizo na fungu la fedha havitembei sikuzote bega kwa bega.

Watu wanawahi kuliko mabomba

Ukitaka kuijua sababu moja ya maji kutowafikia wote, tazama sensa. Mwaka 2012, mkoa wa Geita ulipoundwa, ulihesabiwa kuwa na watu 1,739,530. Mwaka 2022 walikuwa 2,977,608, yaani nyongeza ya watu zaidi ya milioni moja na laki mbili katika miaka kumi. Shinyanga nayo ilitoka watu 1,534,808 hadi 2,241,299. Hapana mhandisi ambaye michoro yake ya mwaka 2012 ingeweza kuubeba umati huo mwaka 2022.

Watu hawa hawaji wakapanga foleni kwenye ofisi ya ardhi. Taarifa ikienea kwamba duara fulani la wachimbaji limetema dhahabu, mahali palipokuwa na mashamba ya mihogo huota vibanda, makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuchenjulia, vilabu na maduka ya simu. Na kabla mwenyekiti wa kijiji hajajua ana watu wangapi, pamekwisha kuwa mji. Katoro, mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Geita, umepanuka kwa kasi ambayo huduma hazikuiweza. Mahali kama hapo ni kijiji kwa maandishi na mji kwa idadi ya watu; na kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, jibu la nani awajibike hutegemea mpaka uliochorwa kwenye ramani.

Wakati huo huo migodi mikubwa haikungoja. Mgodi wa Bulyanhulu ulilaza bomba lake wenyewe kutoka ziwani, takriban kilomita 47, na ule wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, huvuta maji yake kutoka ghuba ya Nungwe. Baadaye mgodi wa Geita na Serikali walishirikiana kuupatia mji sehemu ya maji hayo. Na huko Kahama mradi wa Mhangu hadi Ilogi uligharimiwa kwa ushirikiano wa wizara, halmashauri na mgodi. Ni mambo ya kushukuriwa, ila yalitokea kwa maelewano ya wakati mmoja mmoja, pasi na kanuni yenye kumfunga mtu.

Fedha hutoka wapi?

Njia za fedha za maji ni nne, na kila moja ina mwenye kuilipa.

Ya kwanza ni bajeti kuu ya Serikali. Ya pili ni Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao tangu mwaka wa fedha 2015/16 hulishwa kwa tozo ya shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli. Rai ya kuipandisha hadi shilingi 100 ilitolewa bungeni mara zaidi ya moja, na haikukubaliwa. Kwa hiyo kijana wa bodaboda wa Katoro huuchangia mfuko huo kila ajazapo tangi, hata ikiwa nyumbani kwake hamna bomba.

Ya tatu ni mikopo na misaada. Mbali ya mikopo ya India, Benki ya Dunia mwaka 2018 iliidhinisha dola milioni 350 kwa maji na usafi wa mazingira vijijini katika mikoa 17, kwa utaratibu wa kulipa baada ya matokeo kuonekana. Mji wa Geita nao, pamoja na Sengerema na Nansio, ulikuwa katika awamu ya pili ya mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa maji na usafi kandokando ya Ziwa Victoria, uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ya nne ni bei anayolipa mtumiaji, ambayo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huipima na kuiidhinisha kwa mamlaka za miji.

Dhahabu imo ndani ya njia ya kwanza, lakini haionekani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, mrabaha wa dhahabu uliwekwa asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Na wachimbaji wadogo, tangu soko la kwanza la madini lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, nao hukatwa pale pale wauzapo. Fedha hizo huingia katika mfuko mkuu wa Serikali, zikachanganyika na nyingine zote.

Kinachobaki nyumbani ni ushuru wa huduma. Katika miaka ya 2000 mgodi mkubwa ulilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, kiasi kilichofungwa kwa mkataba. Na bei ya dhahabu, ambayo mwanzoni mwa miaka hiyo ilikuwa chini ya dola 300 kwa wakia, ilipopita dola 1,800 mwaka 2011, halmashauri ilibaki na zile zile 200,000 zake. Baadaye ushuru ukahesabiwa kwa asilimia 0.3 ya mauzo. Katika mauzo ya shilingi bilioni 100, hiyo ni shilingi milioni 300, na ndani yake mna madarasa, zahanati, barabara na posho, kabla maji hayajatajwa.

> Katika mauzo ya shilingi bilioni 100, ushuru wa halmashauri wa asilimia 0.3 ni shilingi milioni 300.

Kila upande na hujja yake

Wasimamizi wa mamlaka za maji wanayo hoja isiyopuuzika. Kuyasukuma maji kutoka ziwani hadi tangi la Mabale ni kazi ya umeme mwingi, na umeme hulipwa kila mwezi. Mamlaka ya mji ikichelewa kumlipa muuzaji wa jumla, naye huchelewa kulipa umeme na dawa, na mwisho wa mnyororo huo ni bomba kavu kwa tajiri na maskini sawia. Takriban theluthi ya maji yanayozalishwa na mamlaka za miji nchini hupotea kabla ya kuuzwa, kwa mabomba kupasuka, kwa wizi na kwa dira mbovu. Mwenye dhiki ya namna hiyo, ukimwambia awaunganishie wasiojiweza bure, atakuuliza fidia itatoka wapi.

Wananchi na madiwani wao husema kwamba nchi iliyotoa dhahabu kwa zaidi ya miaka 20 chini ya migodi mikubwa haifai kuwa nchi ya madumu. Wanayakumbuka yaliyotokea Bulyanhulu mwaka 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa. Wanakumbuka pia kwamba mgodi hufa, kama Buzwagi ulivyofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, na kwamba lisilojengwa wakati wa uhai wa mgodi haliji kujengwa baada ya mauti yake.

Kampuni nazo hujibu kuwa zimelipa mrabaha, kodi na ushuru, na kwamba kuendesha huduma ya maji ni kazi ya Serikali. Tangu mwaka 2017 sheria inazitaka zipange kila mwaka, kwa kuafikiana na halmashauri, namna ya kurejesha kwa jamii. Nazo huona kwamba zikikamilisha hilo zimetimiza wajibu.

Hazina ina neno lake pia, nalo ni zito kuliko yote. Dhahabu ni mali ya Watanzania wote. Ikiwa Geita itabaki na dhahabu yake, Kilimanjaro ikabaki na watalii wake na Mtwara ikabaki na gesi yake, ni nani atakayemchimbia kisima mtu wa Singida? Insafu ya taifa inataka mwenye kingi amsaidie mwenye kichache.

Hujja hii ya mwisho ni ya haki. Lakini ukiifuata hadi ukomo wake, inamgeukia aliyeitoa. Maana kama kanuni ni kumsaidia mwenye kichache, basi aliye mnyonge katika mtaa wa Geita ana haki ile ile ya mnyonge wa Singida. Na kugawa fedha kwa mikoa pekee, pasi na kutazama ni kaya zipi ndani ya mkoa zinazofikiwa, ni kuwapa tena waliokwisha kupewa.

Majitaka hayana msemaji

Yote hayo ni ya maji yaingiayo. Ya majitaka yatokayo hayana msemaji, wala hapana kiongozi anayekata utepe mbele ya bwawa la kinyesi.

Kwa miaka mingi makao makuu ya mikoa yaliyokuwa na mtandao wa mabomba ya majitaka Tanzania Bara hayakuzidi 11. Mwanza na Tabora zilikuwamo, Shinyanga na Geita hazikuwamo. Huku watu hutegemea vyoo vya shimo, na wenye uwezo huchimba mashimo ya saruji na kuyaita magari ya kunyonya. Asiye na fedha ya gari hungoja mvua, akalitapisha shimo lake usiku mtaroni, na asubuhi mtaro huo huo hupita karibu na kisima cha jirani.

Ardhi yenyewe haisaidii. Udongo mweusi wa mbuga hunywea wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, ukazibomoa kuta za shimo. Na penye majabali ya Geita, shimo refu halichimbiki. Kwenye kambi za wachimbaji, ambako kundi kubwa hukusanyika kabla ya choo cha kwanza kuchimbwa, balaa huongezwa na zebaki ioshwayo kwenye mialo karibu na vijito. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mwalo wa Nyarugusu, huko Geita, hauoshwi kwa saini.

Gharama ya kupuuza haikosi kudaiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilizuka katika Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Na tarehe 7 Novemba 2022, kingo za bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Williamson, huko Mwadui wilayani Kishapu, zilipasuka, tope likayafunika mashamba na kuziingia nyumba za kijiji cha Ng'wang'holo. Ni mambo mawili mbalimbali, walakini yanafunza jambo moja: uchafu usiogharimiwa mapema hulipwa baadaye, na anayelipa aghalabu ni yule aishiye bondeni.

> Uchafu usiogharimiwa mapema hulipwa baadaye, na anayelipa aghalabu ni yule aishiye bondeni.

Wengine walivyofanya

Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 204, waliweka Mfuko wa Usawazishaji: nusu ya asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa miaka 20, itumike kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa, hata yafikie kiwango cha mengine. Fedha zilichelewa, mashauri yakafika mahakamani, na wapo waliovunjika moyo. Hata hivyo, mtu wa Turkana au Wajir anapodai, hadai ihsani. Anadai hesabu iliyoandikwa.

Marekani nako, nchi ya utajiri usio na kifani, katika wilaya ya Lowndes, jimbo la Alabama, kuna kaya maskini, nyingi za watu weusi, ambazo majitaka yake humwagika nyuma ya nyumba, kwa kuwa udongo wa huko, mzito kama wa mbuga zetu, hauyafyonzi, na mtambo unaofaa una bei isiyofikika. Kwa muda mrefu utaratibu wa huko ulikuwa wa mikopo nafuu, na kijiji kisicho na wa kulipa mkopo hakikopesheki. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ikaamuru kwamba asilimia 49 ya nyongeza kubwa ya fedha za mifuko ya maji itolewe kwa jamii duni kama ruzuku, au kama mikopo isiyodaiwa tena.

Yatokanayo na mifano hii miwili ni bayana. Mikopo humfaa mwenye kipato cha kulipa. Asiye nacho hufaa apewe. Na kupewa huko kusiandikwe katika hotuba, kuandikwe katika sheria, kwa kiwango kinachohesabika.

Iwe kanuni, isiwe ihsani

Serikali haikulala. Wizara ya Maji chini ya Jumaa Aweso ilitaja mwaka 2024 upatikanaji wa maji wa karibu asilimia 80 vijijini na 90 mijini, na hata aliye mkali wa kukosoa hawezi kukana kwamba mtu wa Kahama wa leo yu katika hali bora kuliko mzazi wake. Lakini wastani ni kitu kinachoweza kuficha: mji ukiwa na asilimia 90, zile 10 zilizobaki ndizo za pembezoni, ndizo za wapangaji, ndizo za rashi, nazo ndizo zinazonunua kwa dumu.

Kwa hiyo rai ya makala haya ni tatu. Mosi, Mfuko wa Taifa wa Maji utengewe fungu maalumu, kwa sheria, la maungio ya kaya duni na vilula vya mitaa isiyopimwa, ili hatua ya mwisho ihesabiwe kuwa sehemu ya mradi na wala si mzigo wa mteja. Mkandarasi akikabidhi bomba, ahesabiwe kwa idadi ya nyua zinazotoa maji, wala si kwa kilomita alizofukia.

Pili, sehemu ya mrabaha wa dhahabu, iliyo ndogo kiasi cha kutoidhuru Singida wala Lindi, irejee katika wilaya zilizochimbwa, nayo ifungwe kwa maji na majitaka pekee, madhali ndivyo vitu ambavyo uchimbaji huvichafua kwanza. Mipango ya migodi ya kurejesha kwa jamii nayo itangazwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa mafungu yake na kwa tarehe zake.

Tatu, usiidhinishwe mradi wowote wa maji mjini pasi na mpango wa majitaka ndani yake. Kwa miji ya kadiri ya Geita, Kahama na Katoro hapahitajiki mtandao wa mabomba mara moja. Magari ya kunyonya yenye bei aimuduyo maskini, na mabwawa ya kutibia yaliyo karibu, yatatosha kwa kuanzia, endapo yatakuwa na fungu la kudumu.

Bunge hukaa kila mwezi Juni kuipitisha bajeti, na mabaraza ya madiwani ya Geita, Mbogwe, Kahama, Msalala na Shinyanga hukutana kila robo mwaka. Nawe msomaji, mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, usiulize tu bomba litafika lini. Uliza kaya ngapi zitaunganishwa, nani amelipiwa, majitaka yatakwenda wapi, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.